Sifu si mkanda, ni mzazi

Siku hizi mtu anajifunza mateke matatu kwa simu, kesho yake anajiita "sifu". Wasee, tuongee ukweli kidogo. Hilo jina lina uzito.

Kung Fu Panda ya 2008 uliiona, si ndio? Unamkumbuka Master Shifu. Shifu kwa Kichina ni mwalimu, kwa hivyo jamaa anaitwa Mwalimu Mwalimu! Cheka tu, lakini ngoja. Kichina kina shifu mbili, sauti moja, maandishi tofauti. Ya kwanza ni mtu wa ujuzi: huko China hata dereva wa teksi huitwa hivyo, vile sisi husema "fundi". Ya pili huandikwa kwa alama mbili: mwalimu, halafu baba. Watu wa Hong Kong hutamka sifu.

Na palipo na baba pana familia. Mwalimu wa mwalimu wako ni babu, sigung. Aliyekutangulia ni kaka, sihing. Aliyekuja baada yako ni mdogo wako, sidai. Haiangaliwi umri wala nguvu, inaangaliwa nani aliingia kwanza. Mzee wa miaka 40 akijiunga leo, kijana wa 18 aliyejiunga mwaka jana ni kaka yake. Na kaka ana kazi. Bruce Lee alipokuwa kwa Ip Man miaka ya 1950, mengi alifundishwa na sihing wake, Wong Shun-leung.

Sasa mikanda je? Hiyo mizizi yake ni Japani. Kano Jigoro, mwanzilishi wa judo, alianza kutoa daraja za dan mwaka wa 1883. Shule za zamani za China hazikuwa na mkanda wa rangi. Ulipiga magoti, ukampa mwalimu chai, akakupokea kama mtoto wake.

Sisemi kila cha zamani ni kitamu. Baba anaweza kuficha siri za nyumba, na wa nje akabaki mlangoni. Ndiyo maana chama cha Jingwu, kilichoanzishwa Shanghai mwaka wa 1910, kilikuwa na maana sana: kilifundisha watu wa kawaida hadharani, wanawake pia.

Lakini mimi bado nasimama na lile jina. Mkanda unaweza kuagiza mtandaoni ukaletewa mlangoni. Sifu ni lazima kuna mtu alikulea, na kuna mtu unamlea. Kama hakuna, buda, wewe bado uko kwa mateke matatu.