Uzi: Tukiahidiwa reli, tuulize nini? Kisa cha Kisumu

1/ Wadau, mijadala ya maendeleo huku Sori na kandokando ya ziwa haikosi mtu wa kusema: "Wenzetu walipata reli, sisi tukasahaulika." Ni kweli stesheni iliyo karibu nasi bado ni Kisumu. Lakini hao wenzetu waliipataje?

2/ Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896. Waingereza hawakuwa wanaitafuta Kisumu. Walitaka Uganda na chanzo cha Mto Nile. Ziwa lilikuwa njia ya mkato tu: fika majini, pakia melini, vuka. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 wakafia kazini.

3/ Meli ilitangulia treni! SS William Mackinnon ilikuja vipande vipande, wapagazi wakavibeba kutoka pale reli ilipokuwa imeishia, ikaunganishwa Kisumu na kuingia majini 1900. Reli ikafika Desemba 1901. Stesheni wakaiita Port Florence, jina la mke wa Mzungu mmoja. Yaani mahali ambapo watu walikuwa wakibadilishana chakula tangu zamani, na palikuwa na jina lake.

4/ Hapa wengi hushtuka: reli ilipofika, Kisumu ilikuwa Uganda. Aprili 1902 London ikasogeza mpaka, mkoa wote wa mashariki ya Uganda ukaletwa upande huu. Sababu mojawapo? Reli iwe chini ya utawala mmoja. Wenyeji hawakuulizwa. Kodi ya nyumba waliulizwa, tena kwa rupia, na vijana wakalazimika kutafuta kibarua.

5/ Tusidanganyane, Kisumu ilinawiri. Mizigo ya Uganda ilivuka ziwa na kupandishwa treni pale. Halafu 1931 reli kuu ikafika Kampala kwa kupitia Eldoret. Mzigo wa Uganda haukulazimika tena kupita Kisumu. Mji uliokuwa mwisho wa safari ukajikuta kwenye tawi.

6/ Kwa hivyo hoja si "tulisahaulika". Hata Kisumu haikukumbukwa. Ilikuwa njiani tu. Na aliye njiani hupitwa siku njia ikibadilika.

7/ Basi tukiahidiwa reli au bandari, tuulize matatu:
– Itabeba nini chetu? Mbuta bila barafu na barabara nzuri ya kutoka ufuoni itaoza kabla ya kuiona stesheni.
– Nani anachora njia, na sisi tumekaa wapi kwenye hicho kikao?
– Mzigo wa wengine ukihamia njia nyingine, sisi tunabaki na kazi gani?

8/ Mwenye majibu ya haya matatu, tumpe sikio. Anayesema tu "nitawaletea treni", mwambieni hata Port Florence ililetewa.