Michezo ya mifugo kwa watoto wadogo: vifaa viko nyumbani

Mtoto wa kijijini huijua mifugo kabla hajajua herufi. Anamjua mbuzi mkorofi, anajua kuku yupi ana vifaranga. Mzazi au mlezi anaweza kutumia ujuzi huo kumfundisha mtoto kuhesabu, kuongea na kutumia vidole vyake, bila kununua kitu dukani.

Tanzania ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto Desemba 2021. Inawahusu watoto hadi miaka 8, na ujifunzaji wa awali umewekwa humo sambamba na afya, lishe, malezi yenye mwitikio, na ulinzi na usalama. Kwa mtoto mdogo, kucheza ndiko kujifunza.

Ng'ombe wa udongo (miaka 4 na kuendelea)

Tumia udongo wa mfinyanzi au wa kichuguu. Toa mawe na mizizi, ongeza maji kidogo kidogo, ukande mpaka usishike mkononi. Mtoto afinyange kiwiliwili kwanza, kisha miguu mifupi na minene, mwisho pembe na nundu. Miguu myembamba huvunjika. Anika kivulini siku 2 au 3, kwa sababu jua kali hupasua udongo. Rangi ni mkaa uliosagwa, majivu au udongo mwekundu. Vidole vinavyofinyanga leo ndivyo vitakavyoshika penseli kesho.

Kuku wa gunzi (miaka 3 na kuendelea)

Gunzi kavu la mahindi ni mwili. Chomeka maganda ya mahindi nyuma yawe mkia, na kipande cha kitambaa chekundu mbele kiwe kilemba. Ukitumia mabua, mkubwa ndiye ayamenye, maana ganda lake hukata kama wembe.

Zizi la kuhesabu (miaka 4 hadi 6)

Chomeka vijiti mchangani viwe zizi. Weka ndani ng'ombe wa udongo au mawe makubwa 8. Asubuhi wanatoka mmoja mmoja huku mtoto akihesabu kwa sauti. Jioni wanarudi, lakini wewe umeficha mmoja. Muulize: wametoka 8, wamerudi 7, wangapi wamepotea? Hapo mtoto ametoa hesabu bila kujua.

Nani huyu? (miaka 2 na kuendelea)

Liga sauti ya mnyama, mtoto amtaje. Akizoea, ongeza majina: mtoto wa ng'ombe ni ndama, dume ni fahali, jike ambalo halijazaa ni mtamba. Mbuzi dume ni beberu. Kuku jike ni tetea. Mwenye kilugha chake nyumbani ataje kwa lugha zote mbili.

Mwewe na vifaranga (miaka 5 na kuendelea)

Watoto wajipange mstari, kila mmoja amshike mwenzake kiunoni. Wa mbele ni mama kuku, ananyoosha mikono kama mbawa. Mwewe anajaribu kumgusa kifaranga wa mwisho. Chezeni penye nyasi, mbali na barabara na kisima.

Mambo ya kuangalia

• Mtoto wa chini ya miaka 3 asipewe punje, maharage wala kokoto. Huvitia mdomoni au puani, na vinaweza kumkaba.

• Chupa na makopo ya dawa za kuogeshea mifugo au za shambani si vifaa vya kuchezea, hata yakioshwa.

• Mifupa, ngozi au manyoya ya mnyama aliyekufa bila kuchinjwa yasiguswe. Kimeta humwambukiza binadamu, na vimelea vyake hukaa ardhini miaka mingi. Mpigie afisa mifugo.

• Udongo achimbe mkubwa, mahali ambapo mifugo haikojoi wala kunya. Mtoto asitumwe lamboni au mtoni peke yake.

• Mchezo ukiisha, mikono ioshwe kwa sabuni na maji kabla ya kula.

Dakika 15 jioni, wakati mifugo inarudi zizini, zinatosha. Kaa chini na mtoto, muulize, msikilize, na umwache akosee mpaka apate mwenyewe. Kaka na dada wakubwa nao washirikishwe, maana mara nyingi wao ndio walezi wakati mzazi yuko shambani.