Santuri mbili, albamu moja: jinsi ya kutambua chapa na kuzilinganisha

Msikilizaji wetu mmoja alitutumia swali baada ya kipindi cha muziki wa zamani. Anayo Led Zeppelin II aliyorithi kwa mjomba wake. Sasa ameonyeshwa nakala nyingine, jalada lilelile, nyimbo zilezile, lakini muuzaji anataka bei ya pikipiki iliyotumika kwa madai kwamba ni "chapa ya kwanza". Je, kuna kitu cha kweli hapo, au anataka kuibiwa? Tumeona jibu linawafaa wengi, kwa hiyo tunaliandika hapa.

Santuri inavyotengenezwa

Wimbo hurekodiwa kwanza kwenye kanda. Fundi huicheza kanda hiyo kwenye mashine yenye ncha kali inayochonga mfereji juu ya sahani ya alumini iliyopakwa laki. Sahani hiyo hufunikwa kwa tabaka la chuma, na ganda linalobanduliwa huitwa baba. Kutoka kwa baba hupatikana mama, na kutoka kwa mama hupatikana kalibu. Kalibu ndizo hufungwa kwenye mashine ya kukandamiza plastiki ya moto, na hapo ndipo hutoka santuri tunayonunua.

Kalibu huchakaa. Albamu ikiuzwa sana, kalibu mpya huhitajika, na wakati mwingine hata laki huchongwa upya na fundi mwingine. Nchi nyingine nazo huweza kuchonga za kwao kwa kutumia kanda iliyonakiliwa. Ndiyo maana albamu moja huwa na chapa nyingi, na sauti zake hutofautiana.

Kisa cha herufi RL

Led Zeppelin II ilitoka Marekani Oktoba 1969 chini ya kampuni ya Atlantic. Laki ya kwanza ilichongwa New York na Robert Ludwig, wakati huo akiwa bado kijana. Aliichonga kwa sauti kubwa na besi nzito. Ludwig amesimulia kwamba bosi wa Atlantic, Ahmet Ertegun, alimpa binti yake nakala, na sindano ya gramafoni yake ya bei nafuu ikawa inaruka. Kampuni ikaamua albamu ichongwe upya kwa sauti iliyobanwa zaidi. Mamilioni ya watu walinunua toleo hilo la pili bila kujua kwamba kulikuwa na jingine.

Leo nakala za Ludwig zikiwa katika hali nzuri huuzwa kwa mamia ya dola. Kwa hiyo muuzaji hakutunga hadithi. Swali ni kama alichoshika mkononi ndicho.

Tazama wapi

Jalada si ushahidi, kwa sababu santuri huweza kuhamishwa kutoka jalada moja kwenda jingine. Karatasi ya katikati husaidia kidogo: nakala za Atlantic za miaka hiyo zina anwani ya 1841 Broadway, na za baadaye zina 75 Rockefeller Plaza. Lakini hata nakala zilizochongwa upya mapema zina anwani ile ya kwanza.

Ushahidi wenyewe uko kwenye ukingo mtupu, pale mfereji unapoishia kabla ya karatasi. Elekeza tochi ya simu kwa mshazari. Utaona namba na herufi zilizokwaruzwa au kugongwa. Nakala ya Ludwig ina herufi RL. Kagua pande zote mbili, kwani wanaolipa bei ya juu hutaka RL huku na huku.

Kampuni ya EMI ya Uingereza, iliyotoa santuri za Beatles na Pink Floyd, ilikuwa na utaratibu wake. Geuza santuri mpaka namba ndefu iwe chini. Kushoto utaona namba ya mama, na kulia herufi za kalibu. Herufi hizo husomwa kwa neno GRAMOPHLTD: G ni 1, R ni 2, A ni 3, kuendelea hadi D, ambayo ni 0. Kwa hiyo RA ni kalibu ya 23.

Kulinganisha kwa haki

Safisha santuri zote mbili. Tumia gramafoni ileile na sindano ileile. Linganisha wimbo uleule, kwa sababu nyimbo za mwisho wa upande, karibu na katikati, kwa kawaida hukwaruza zaidi kuliko za mwanzo. Kisha sawazisha sauti. Hili wengi hulisahau, na sikio hudhani chenye kelele zaidi ndicho kizuri zaidi. Mwombe mwenzako abadilishe santuri bila kukuambia ipi ni ipi. Usipoweza kuzitofautisha, usilipie tofauti hiyo.

Kumbuka pia hali ya santuri. Wauzaji wa nje hutumia herufi: M au NM ni kama mpya, VG+ imetumika lakini imetunzwa, VG ina mikwaruzo inayosikika. Herufi G ingawa humaanisha "nzuri", kwa kweli ni santuri iliyochoka. Chapa ya kwanza iliyochakaa mara nyingi hushindwa na chapa ya baadaye iliyotunzwa.

Msikilizaji wetu alirudi kwa muuzaji akiwa na tochi. Hakukuwa na RL upande wowote. Fedha yake imebaki mfukoni, na ile ya mjomba anaendelea kuipiga. Nawe kabla hujatoa pesa, omba kwanza kuutazama ukingo. Muuzaji akikataa, hilo nalo ni jibu.