Tarumbeta la Masekela Mbele ya Kamera

Hugh Masekela alianza kulitamani tarumbeta akiwa ndani ya ukumbi wa sinema. Alikuwa mvulana wa miaka 14 huko kwao Afrika Kusini, na filamu iliyomteka ilikuwa Young Man with a Horn ya mwaka 1950, ambamo Kirk Douglas anaigiza mpiga tarumbeta. Shuleni St. Peter's, Johannesburg, Masekela alikuwa mtundu wa kuwachosha walimu. Akamwahidi padri aliyekuwa mlezi wao, Trevor Huddleston, kwamba akipatiwa tarumbeta hatamsumbua mtu tena. Padri akamtafutia.

Watu wa kusini mwa Tanzania hawana haja ya kuelezwa Huddleston ni nani. Kuanzia 1960 hadi 1968 ndiye aliyekuwa Askofu wa Kianglikana wa Masasi. Kabla ya kuletwa huko, baada ya kuondolewa Afrika Kusini alikokuwa mwiba kwa serikali ya ubaguzi, alipita Marekani, akakutana na Louis Armstrong na kumsimulia habari za bendi ya vijana wake wa shuleni, Masekela akiwemo. Armstrong akawatumia tarumbeta lake moja. Picha iliyopigwa na Alf Kumalo mwaka 1956 inamwonyesha Masekela ameruka juu, miguu haigusi ardhi, zawadi ile ikiwa mkononi.

Nimeanzia mbali hivi kwa sababu kila ninapopanga upya kabati langu la DVD za muziki, nakutana na mtu huyu. Yumo California mwaka 1967, Harlem 1969, Harare 1987, na Kinshasa 1974 ndiye mmoja wa waliolibuni tamasha lenyewe. Ukizifuata filamu hizo kwa mpangilio wa miaka, unaisoma historia ya filamu za matamasha karibu yote, pamoja na haki na dhuluma zake.

Armstrong mwenyewe alikuwa amenaswa mapema. Bert Stern, mpigapicha wa matangazo, alikwenda na kamera kwenye tamasha la jazi la Newport mwaka 1958 na kutengeneza Jazz on a Summer's Day. Ni filamu ya rangi, tulivu, na inafungwa na Mahalia Jackson akiimba nyimbo za dini usiku. Wapenzi wengi wa aina hii ya filamu huihesabu kuwa ndiyo mzizi. Mimi naiheshimu, ila naona bado inamtazama mwanamuziki kama mtu anavyotazama mandhari ya pwani: kwa mbali, kwa kupendeza.

Mambo yalibadilika Monterey. Tamasha la huko lilifanyika California tarehe 16 hadi 18 Juni 1967, na D. A. Pennebaker alipewa kazi ya kulirekodi kwa ajili ya televisheni ya ABC. Yeye na wenzake, akina Richard Leacock na Albert Maysles, walikuwa na kamera nyepesi za milimita 16, za kubebwa begani, zinazokwenda sambamba na sauti bila kufungwa waya kwenye mashine ya kurekodia. Jambo hilo dogo la ufundi ndilo lililozaa kila kitu kilichofuata. Mpigapicha aliweza kupanda jukwaani, kuchutama karibu na mguu wa mpiga gitaa, kuhama ghafla akaenda kwenye uso wa msichana aliyekaa kwenye viti. Jimi Hendrix alichoma gitaa lake mbele yao. Otis Redding aliwainua watu vitini, na miezi 6 baadaye, tarehe 10 Desemba, akafa katika ajali ya ndege akiwa na miaka 26. Janis Joplin alipopanda jukwaani mara ya kwanza hakurekodiwa kwa sababu meneja wake alikataa kamera, ikabidi arudi jukwaani siku iliyofuata ili anaswe. Bila marudio hayo tusingekuwa nayo sauti ile pamoja na uso ule. Wakubwa wa ABC walipooneshwa kazi wakaikataa, ikaingia sinema badala ya televisheni.

Katikati ya wote hao yumo Masekela, ambaye hapo alikuwa na miaka 7 ugenini. Anapiga na kuimba, huku nyuma yake Danny Rey, aliyejulikana zaidi kama Big Black, akizitwanga tumba. Filamu inampa dakika chache tu. Lakini kamera iko karibu naye, na hilo linatosha: unamwona mtu anayepumua, anayeisikiliza tumba kabla ya kuijibu. Katika filamu za zamani mpiga tarumbeta Mwafrika angewekwa kama pambo. Hapa yuko kazini.

Anayetaka kuikusanya filamu ya Monterey atafute seti ya Criterion ya mwaka 2002, yenye diski 3. Filamu ya sinema ni fupi, lakini seti hiyo ina saa nyingine za maonyesho yaliyoachwa nje, na Hendrix na Redding wana filamu zao pekee. Hii ndiyo sababu mimi bado ninayo deki wakati majirani wametupa zao. Mtandaoni utapewa filamu iliyohaririwa. Kwenye diski nzuri utapata na kile mhariri alichokikata. Ndivyo ilivyo pia kwa Wattstax, tamasha la Los Angeles la Agosti 20, 1972, kiingilio dola 1, watu zaidi ya 100,000 uwanjani. Filamu yake ilipotoka 1973 haikuweza kubaki na wimbo wa Shaft wa Isaac Hayes kwa sababu ya haki za kampuni nyingine ya filamu, mwisho wake ukabadilishwa. Mwisho wa asili ulirudishwa kwenye toleo lililokarabatiwa miaka 30 baadaye, na hilo ndilo lililowekwa kwenye DVD.

Harlem ni kisa cha uchungu zaidi. Kiangazi cha 1969, Jumapili 6, watu wapatao 300,000 walijaa Mount Morris Park jijini New York kuwasikiliza Nina Simone, Stevie Wonder, Mahalia Jackson, B.B. King na Masekela, ambaye mwaka mmoja kabla wimbo wake wa Grazing in the Grass ulikuwa umeshika namba 1 Marekani. Hal Tulchin alirekodi kwa kanda za video takriban saa 40. Hakuwa na fedha za taa, kwa hiyo jukwaa lilielekezwa magharibi ili jua la mchana liwamulike wanamuziki bure. Ukiitazama filamu leo, mwanga ule wa jua kwenye vitambaa vya rangi ndio unaoipa uhai ambao taa za kukodi zisingeuleta.

Kiangazi hichohicho Woodstock ilirekodiwa, na filamu yake ikaingia sinema kabla mwaka mmoja haujatimia, ikapata na Oscar. Kanda za Tulchin zilizungushwa kwa watu wa televisheni, hakuna aliyezitaka. Zikalala kwa miaka karibu 50. Tulchin alifariki 2017. Ni Ahmir Thompson, mpiga ngoma wa kundi la The Roots anayeitwa Questlove, aliyezigeuza kuwa Summer of Soul mwaka 2021. Nayo ikashinda Oscar, ila Masekela hakuiona, kwani alikuwa amekwisha kufa, Januari 23, 2018.

Sasa twende Kinshasa, na hapa naomba msomaji anivumilie, maana hapa ndipo nyumbani.

Pambano la Muhammad Ali na George Foreman lilipangwa kufanyika Septemba 25, 1974. Masekela na rafiki yake, prodyuza Stewart Levine, wakabuni tamasha la siku 3 la kulitangulia: wanamuziki weusi wa Marekani na wa visiwa vya Karibi warudi Afrika, wasimame jukwaa moja na Waafrika. Fedha zilitoka kwa wawekezaji wa Liberia. Kisha Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa hadi Oktoba 30. Tamasha halikuweza kusogezwa. Likafanyika Septemba 22 hadi 24 katika uwanja wa 20 Mai, unaoitwa leo Tata Raphaël, bila ya umati wa watalii uliotarajiwa.

Waliopanda jukwaani ni James Brown, B.B. King, Bill Withers, The Spinners, Sister Sledge, Celia Cruz na Fania All-Stars. Kwa upande wa Afrika walikuwapo Miriam Makeba, Manu Dibango, Abeti Masikini, Tabu Ley Rochereau na Afrisa, Franco na TP OK Jazz. Hata Big Black wa Monterey alikuja na tumba zake.

Aliyeongoza kamera alikuwa Leon Gast, ambaye tayari alikuwa amewarekodi Fania All-Stars huko New York katika Our Latin Thing ya 1972. Alikwenda Kinshasa kutengeneza filamu ya muziki yenye ngumi kidogo. Migogoro ya fedha na kesi ikamzuia kwa miaka 22, na alipomaliza, When We Were Kings ya mwaka 1996 ilikuwa filamu ya ngumi yenye muziki kidogo. Ilipata Oscar na iliistahili. Mmoja wa wahariri wake, Jeffrey Levy-Hinte, alishindwa kuzisahau saa nyingi za muziki alizoziacha stoo, akarudi kuzichambua. Soul Power ikatoka 2008, miaka 34 baada ya tamasha.

Nimeitazama Soul Power mara nyingi kuliko filamu yoyote nyingine ya muziki. Haina msimulizi. Nusu yake ya kwanza ni mafundi wanaojenga jukwaa, watu wanaobishana kuhusu pesa, ndege iliyojaa wanamuziki ambao hawawezi kukaa bila kupiga. Halafu usiku. Bill Withers anakaa kwenye kiti na gitaa lake, peke yake, mbele ya uwanja mzima, na kamera haihangaiki. Haikimbilii umati wala haitafuti pembe ya kujionyesha. Inamngoja amalize. Waongozaji wengi wa leo, wenye kamera 20 na mikono inayobadilisha picha kila sekunde, wangeiharibu dakika hiyo.

Lakini filamu hii ina kasoro, na ni kubwa. Franco na OK Jazz walikuwa nyumbani kwao, ndio waliokuwa wakichezesha watu kutoka Brazzaville mpaka Dar es Salaam na Nairobi, na wao pamoja na Tabu Ley wanapita upesi huku wageni wakipewa wimbo mzima. Mwenyeji amegeuzwa mpita njia uani kwake. Kanda zilikuwa mikononi mwa watu wa Marekani, soko lililofikiriwa lilikuwa la Marekani, na mkasi ukakata kufuatana na soko. Mwaka 2017, miaka 43 baada ya tamasha, Masekela na Levine walitoa CD za Zaire 74: The African Artists, na hapo ndipo Franco, Tabu Ley, Abeti na Makeba waliposikika kwa nafasi wanayostahili. Kwa sauti tu.

Filamu ya Harare inaponya jeraha hilo kidogo. Graceland: The African Concert ilirekodiwa na Michael Lindsay-Hogg katika uwanja wa Rufaro mwezi Februari 1987. Mwimbaji wa Marekani Paul Simon alikuwa ameshambuliwa kwa kwenda kurekodi Johannesburg wakati wa vikwazo vya utamaduni dhidi ya Afrika Kusini, na mjadala huo haukuwa wa kupuuzwa. Masekela alimtetea, wakaenda pamoja naye Makeba, Ray Phiri na Ladysmith Black Mambazo hadi Zimbabwe, nchi inayopakana na Afrika Kusini ambako Masekela na Makeba hawakuruhusiwa kuingia. Jua linawaka, watu wa kila rangi wako uwanjani. Masekela anaimba wimbo wa kudai Mandela arudishwe nyumbani, na Mandela bado yuko gerezani. Mwisho wote wanaimba Nkosi Sikelel' iAfrika. Mtanzania anaujua muziki huo kwa maneno ya Mungu Ibariki Afrika, na kwa Wazimbabwe wa wakati ule nao ulikuwa wimbo wa taifa. Miaka 3 baadaye Mandela alitoka gerezani, na Masekela akarudi kwao baada ya miaka 30.

Nikizirudisha diski hizi kabatini, huwa nafikiria zile zisizokuwepo. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Bendi zetu za miaka ya 1970 tunazo sauti zao kwa sababu redio ilizirekodi, lakini nyuso na mikono yao kazini ni adimu kuonekana. Mbaraka Mwinshehe alifariki Mombasa Januari 1979, na wapenzi wake wengi wamemjua kwa sauti na picha za mnato.

Rekodi za picha za miaka ya 1980 na 1990, hata hivyo, zipo. Watu walikuwa na kamera za kanda za VHS, waliwarekodi wanamuziki kwenye harusi, kwenye maonyesho ya taarabu, kwenye kumbi za dansi za Jumapili. Kanda hizo ziko makabatini na juu ya madari, zinaota ukungu. Kama unayo moja, isimamishe wima mahali pakavu, usiicheze kwenye deki chafu, mtafute fundi aihamishie kwenye diski au flashi wakati bado deki zinapatikana. Na kabla hujaipeleka, andika kwenye kava jina la bendi, ukumbi, tarehe, na jina la yule anayepiga tarumbeta.