Mkanda wa Taimingi na Pampu ya Maji katika Gereji za Simiyu

Mkanda wa taimingi ni utepe wa mpira wenye meno kwa ndani, uliotiwa nyuzi za kioo ili usivutike. Huunganisha kranki, inayozungushwa na pistoni, na kemshafti, inayofungua na kufunga valvu. Kranki ikizunguka mara mbili, kemshafti huzunguka mara moja, na hesabu hiyo haivumilii kukosea hata jino moja. Katika gereji za Bariadi, Maswa na Lamadi, kifaa hiki kilikuta ufundi wa magari umeshazoeleka.

Magari ya eneo ambalo leo ni Mkoa wa Simiyu yalifuata pamba. Reli ya Tabora hadi Mwanza, iliyokamilika 1928, ilipita Malampaka, na pamba ya vijijini ilihitaji malori ya kuifikisha stesheni na kwenye viwanda vya kuchambulia. Katika injini za miongo iliyofuata kemshafti ilizungushwa kwa chuma. Land Rover za Series zilitumia cheni. Land Cruiser za zamani zenye injini ya B au 2H zilitumia gia. Cheni iliyolegea hugonga, gia iliyolika huvuma, na fundi aliyekulia chini ya magari hayo alizoea kutambua ugonjwa kwa sikio. Mkanda hausemi kitu. Huzeeka kimya nyuma ya kava, na siku ya kukatika ndiyo siku ya kwanza kulalamika.

Gari la kwanza kutengenezwa kwa wingi likiwa na mkanda huo lilikuwa Glas 1004 la Ujerumani, mwaka 1962. Fiat ikafuata miaka ya 1960. Toyota iliuweka katika dizeli yake ya L mwaka 1977, kisha katika 2L iliyoenea kwenye Hilux, na mwaka 1990 katika 1HZ, injini ya lita 4.2 ya Land Cruiser, gari ambalo Watanzania huliita mkonga. Viwanda vilipenda mkanda kwa sababu ni mwepesi, hauhitaji oili na haupigi kelele.

Njia ya kuufikisha Bariadi ilifunguka serikali ya Tanzania ilipolegeza masharti ya uagizaji mwaka 1984 na kuwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuleta bidhaa. Magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika. Hadi leo Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, ilhali Tanzania hulipokea na kulitoza ushuru wa ziada wa uchakavu. Ndiyo maana magari yenye mkanda yameendelea kuwapo barabarani muda mrefu baada ya Japani kuyasahau.

Gari la mtumba huja bila historia yake. Mafundi wa Japani hubandika stika ndani ya boneti au kwenye kava la mkanda, ikionyesha tarehe na kilomita za siku mkanda ulipobadilishwa. Maandishi ni ya Kijapani, na mwaka mara nyingi huhesabiwa kwa enzi ya mfalme: Heisei 10 ni 1998. Tarakimu za kilomita, hata hivyo, husomeka na yeyote. Stika iking'olewa wakati wa kuosha injini, ushahidi pekee umekwenda na maji. Hilux za dizeli na mkonga zina taa ya T-BELT, inayowaka kila kilomita 100,000, lakini taa hiyo huhesabu safari tu. Haijui kama mkanda umebadilishwa. Fundi ndiye huizima, na anaweza kuizima bila kugusa mkanda.

Hasara ya kuchelewa kubadilisha mkanda si sawa kwa wote. Injini za petroli kama 4A-FE ya Corolla na 3S-FE ya RAV4 za kwanza zina nafasi kati ya pistoni na valvu: mkanda ukikatika, gari huzima, huvutwa hadi gereji, hufungwa mkanda mpya na kuondoka. Dizeli haina huruma hiyo. Pistoni hukutana na valvu zilizo wazi, na mwenye gari hulipia kufungua silinda hedi, pengine injini nzima.

Pampu ya maji iliingia katika kazi ya kubadilisha mkanda kwa sababu ya mpangilio wa injini. Katika 2L pampu huzungushwa na feni belti, kwa hiyo hubadilishwa peke yake. Katika 3S-FE huzungushwa na mkanda wa taimingi wenyewe, na sili yake ikichoka, maji huvuja juu ya mpira. Fundi huvua tairi la mbele kulia, hutegemeza injini kwa jeki, hufungua puli ya kranki na kulinganisha alama za kranki na kemshafti. Baada ya kufunga pampu, gasketi na mkanda mpya, huzungusha kranki kwa spana mizunguko miwili kamili. Alama zisiporudi mahali pake, huanza upya. Pampu nyingi zimekufa mapema kwa mazoea mabaya: kujaza rejeta maji matupu badala ya kulanti, hata kutu ikala mapanga ya pampu. Kung'oa thamostati ili gari lisichemshe kulificha tatizo tu.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 Toyota imerudi kwenye cheni katika injini ndogo za petroli. 1NZ-FE, iliyomo kwenye IST na Probox, ina cheni, na pampu yake huendeshwa na belti ya nje. Gari la namna hiyo hudai oili ibadilishwe kwa wakati. Ikicheleweshwa, cheni huanza kugonga tena. Kazi ya mkanda imebaki kwa Hilux za zamani, RAV4 za kwanza na mkonga za 1HZ, ambazo ziliongezeka katika ofisi za Bariadi mji huo ulipofanywa makao makuu ya mkoa mpya mwaka 2012.