Kitabu cha Karatasi na Kitabu cha Umeme

Kila zama huleta chombo kipya cha kutilia maneno, na kila chombo kipya huzua mabishano kama cha kale kitupwe au kitunzwe. Mabishano ya siku hizi ni kati ya kitabu cha karatasi na kitabu cha umeme, yaani maandishi yasomwayo juu ya kibao chembamba chenye kioo. Wengi huyapima mambo haya kwa jicho na kwa mkono: kipi chapendeza, kipi chepesi, kipi hakichoshi. Vipimo hivyo si vibaya, lakini historia yatupa kipimo kingine kilicho kizito zaidi. Kitabu kikishanunuliwa, kimekuwa mali ya nani, na nani ana ruhusa ya kukinakili?

Mwaka 1492 Johannes Trithemius, mkuu wa watawa wa Sponheim katika Ujerumani, aliandika kitabu cha kuwasifu mafundi wa kunakili kwa mkono. Uchapaji ulikuwa bado kijana, naye hakuuamini. Alisema kwamba maandishi juu ya ngozi yaweza kudumu miaka 1,000, bali kitabu cha karatasi kikifika miaka 200 kimefika mbali. Mwaka 1494 kitabu chake hicho kilipigwa chapa mjini Mainz. Tusimcheke. Alikosea umri wa karatasi, kwa maana Biblia za Gutenberg zilizochapwa juu ya karatasi kabla yake zingalipo hata leo. Lakini swali lake lilikuwa la haki. Abadiliye chombo hana budi kuuliza kitadumu muda gani.

Katika pwani yetu neno la zamani la kitabu ni chuo. Utenzi wa Tambuka, uliotungwa na Mwengo wa Athumani huko Pate, hujulikana pia kwa jina la Chuo cha Herekali, na nakala yake ya kale ina tarehe ya mwaka 1141 wa Hijra, yaani 1728. Mahali pa kusomea vyuo pakaitwa chuoni, na jina la kitu likawa jina la mahali. Mtoto wa chuoni alianza na ubao wa mti: aliandikiwa aya kwa wino, akazihifadhi moyoni, kisha ubao ukaoshwa ili upokee nyingine. Basi maandishi yanayofutika si jambo geni kwetu. Lakini ubao ulipewa somo la siku tu. Neno lililotakiwa kudumu lilitiwa katika chuo.

Chuo nacho kilikuwa na maadui wake: unyevu, mchwa na moto. Kilichokiokoa hakikuwa ugumu wa karatasi, bali mkono wa mwenye kunakili. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alinakili tenzi nyingi kwa hati nzuri, na baadhi yake aliwaandikia wataalamu wa Ulaya kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Kwa kazi hiyo tenzi zilipona, lakini nakala nyingi zikahama. Hata karatasi, basi, yaweza kumtoka mwenyewe; mjukuu akaambiwa kwamba urithi wake uko salama, ila uko London au Hamburg.

Chapa nayo ilikuja na faida na hasara zake. Mwaka 1864 Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu, alifika Unguja pamoja na Misheni ya Vyuo Vikuu. Mtambo wa chapa ukafanya kazi huko, na vijana waliookolewa katika utumwa wakafundishwa kupanga herufi. Kitabu kimoja kikawa vingi, na bei yake ikashuka. Lakini chapa hiyo ilifuata herufi za Kirumi, na shule zikaifuata chapa. Vizazi vilivyokuja nyuma havikuzoezwa kusoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na wengi walirithi masanduku ya maandishi wasiyoweza kuyasoma. Karatasi haikuliwa na mchwa, wino haukufifia, na bado mlango ulifungwa.

Sasa tukitazame kibao cha umeme. Mwaka 1971 Michael Hart, katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, alichapa Azimio la Uhuru la nchi yake katika kompyuta ili watu walipate bure. Huo ndio mwanzo wa Project Gutenberg. Miaka mingi baadaye ilipatikana namna ya kioo kisichoumiza macho: ndani yake mna vifuko vidogo mno vyenye chembe nyeupe na nyeusi, nao umeme huzisogeza chembe hizo juu au chini mpaka herufi zitokee. Ukurasa ukisha kutokea hautaki umeme mwingine mpaka ugeuzwe. Sony walitoa kibao cha namna hiyo, Librie, huko Japani mwaka 2004. Novemba 2007 Amazon wakatoa Kindle kwa dola 399. Uzito wake haukufika gramu 300, nacho kilibeba vitabu kama 200.

Uzuri wa chombo hiki haukanushiki. Mzee ambaye macho yake yamepungua huzikuza herufi apendavyo. Mwanafunzi aliye mbali na maktaba hubeba maktaba mfukoni. Picha za maandishi ya Lamu na Pate yaliyohamia London zaweza leo kutazamwa na mtu aliye Lamu au Pate, jambo ambalo Kijumwa asingaliliota.

Lakini Julai 2009 lilitokea jambo la kuzingatiwa. Amazon waligundua kwamba nakala fulani za vitabu viwili vya George Orwell, kimojawapo kikiwa 1984, ziliuzwa na mtu asiye na haki nazo. Walizifuta kutoka mbali katika vibao vya wanunuzi, wakawarudishia fedha zao; baadaye mkuu wa kampuni akaomba radhi. Mwaka 2019 Microsoft walifunga duka lao la vitabu vya umeme, na vitabu vilivyokwisha kununuliwa havikusomeka tena, ijapokuwa fedha zilirudishwa. Hakuna aliyedhulumiwa senti; lakini hakuna muuza vitabu wa kawaida awezaye kuingia chumbani mwako usiku, akachukua kitabu na kukuachia fedha mezani. Siri iko katika masharti: mara nyingi mnunuzi wa kitabu cha umeme hauziwi kitabu, huuziwa ruhusa ya kukisoma, na juu ya ruhusa hiyo hutiwa kufuli la kuzuia kunakili.

Hapo ndipo vyombo viwili vinapoachana. Umeme wanakili kwa wepesi kuliko mkono wowote uliopata kushika kalamu, na kufuli lake laukataza mkono huo. Vyuo vya pwani vilivuka karne kwa sababu aliyekuwa nacho alimwazima jirani, na jirani alinakili. Mwandishi ana haki ya kulipwa, wala hatusemi aibiwe. Bali maktaba na vyuo vikuu vyetu, vinaponunua vitabu vya umeme, yafaa vidai haki ya kuviweka, kuviazimisha na kuvinakili kwa hifadhi, kama vidaivyo idadi na bei. Pasipo haki hiyo, tutakuwa tumenunua ubao wa mti tukidhani ni chuo, na sifongo imebaki mkononi mwa muuzaji.