Lugha ya gereji: kutaja, kutambua na kurekebisha hitilafu ndogo za gari

Msamiati wa magari ni miongoni mwa nyanja ambazo Kiswahili kimetohoa maneno kwa wingi: injini, breki, gia, klachi, plagi, rejeta, betri, fyuzi, jeki, spana. Nomino hizi hazimsumbui sana mwanafunzi wala mtafsiri, kwa kuwa kila moja inataja kifaa kimoja kinachoonekana kwa macho. Ugumu umo katika maneno ya kila siku, kama vile mafuta, maji, upepo, moto, waka, vuta, kula na funga, ambayo yakiingia gerejini hubeba maana mahususi. Mtafsiri wa kitabu cha maelekezo asiyezitenganisha maana hizo humpa mwenye gari maneno yanayoweza kumuunguza uso au kumwangushia gari kutoka kwenye jeki. Makala haya yanayafafanua maneno hayo kwa kufuata kazi ambazo mwenye gari anaweza kuzifanya mwenyewe nyumbani.

1. Hitilafu, kasoro, ubovu. Tengeneza na matengenezo

Hitilafu ni hali ya kifaa kutofanya kazi inavyotakiwa: “Gari lina hitilafu ya umeme.” Kasoro ni upungufu, na huenda gari likaendelea kutembea nao: “Mlango una kasoro, haufungi vizuri.” Ubovu ni hali ya kuharibika au kuchakaa kwa jumla, “gari bovu” halihitaji kutajiwa sehemu.

Kitenzi tengeneza kina maana mbili, kuunda na kurekebisha. “Kiwanda kinatengeneza magari” na “Fundi anatengeneza magari” ni sentensi zenye muundo mmoja na maana mbili. Katika nomino tofauti hujitokeza: utengenezaji huelekea kwenye kuunda, matengenezo huelekea kwenye kurekebisha na kutunza. Penye shaka, rekebisha au karabati ni salama zaidi.

2. Waka, washa, zima: gari lisilowaka

Kuwasha gari ni kuamsha injini; gari likiitika, limewaka. Kwa hiyo “gari linawaka” katika mazungumzo ya kawaida ni habari njema. Linaloteketea hutajwa kwa kuongeza nomino: “gari linawaka moto” au “gari linaungua”. Mwandishi wa maelekezo ya usalama asiiache nomino hiyo.

Fundi anayeambiwa “gari haliwaki” huuliza kwanza: linapiga stata au halipigi? Kupiga stata ni kule kuzunguka kwa injini ufunguo unapogeuzwa. Jibu la swali hilo hugawa tatizo katika mafungu mawili.

a) *Halipigi stata.* Mwenye gari awashe taa za mbele. Zikiwa hafifu au zikififia ufunguo unapogeuzwa, shaka iko kwenye betri au kwenye vichwa vyake, yaani sehemu za risasi zinazoshikwa na nyaya. Vichwa vilivyolegea au vilivyoota ukungu mweupe au wa kijani huzuia umeme hata betri ikiwa nzima. Kuvisafisha na kuvikaza ni kazi ya dakika chache. Taa zikibaki na nguvu na ukasikika mgongo mmoja tu wa “ta!”, shaka inahamia kwenye stata yenyewe au nyaya zake.

b) *Linapiga stata lakini haliwaki.* Hapo betri haina kosa kubwa. Kwa injini ya petroli, kinachokosekana kwa kawaida ni mafuta au moto. Moto hapa ni umeme: “Plagi haitoi moto” maana yake haitoi cheche, na “Waya huu hauna moto” maana yake umeme haupiti.

Usemi “betri imekufa” una utata unaogharimu fedha. Betri iliyoisha chaji hurudi ikichajiwa. Betri isiyoshika chaji hubadilishwa. Betri ya gari ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imepumzika, hupima takriban volti 12.6, injini ikiunguruma kipimo hupanda hadi kati ya volti 13.5 na 14.5 hivi. Kisipopanda, alternata haichaji, na betri mpya haitatibu ugonjwa huo.

Kubusti ni kuwasha gari kwa umeme wa betri ya gari jingine. Mpangilio wa nyaya ni sehemu ya maana ya maelekezo, hivyo viunganishi “kwanza”, “kisha” na “mwisho” visiachwe: kwanza chanya ya betri iliyoisha, kisha chanya ya betri nzima, halafu hasi ya betri nzima, mwisho, chuma kitupu cha injini ya gari lililozima, mbali na betri. Kuunga waya wa mwisho mbali na betri kuna sababu: betri hutoa hewa ya haidrojeni inayoweza kulipuka kwa cheche.

3. Mafuta na oili

Mafuta hutaja petroli na dizeli, mafuta ya injini, mafuta ya breki, hata ya kupikia. Peke yake, katika muktadha wa gari, neno hili hufahamika kuwa ni kile kinachonunuliwa kituoni: “Gari limeishiwa mafuta.” Kwa hiyo agizo “Angalia kiwango cha mafuta” litamfanya dereva atazame geji kwenye dashibodi, ilhali mwandishi alikusudia afungue boneti. Matumizi yanayoondoa utata ni oili, au mafuta ya injini kwa ukamilifu wake.

Oili hupimwa gari likiwa mahali tambarare na injini ikiwa imezimwa kwa dakika kadhaa. Kijiti cha kupimia huchomolewa, hufutwa, hurudishwa hadi mwisho, kisha huchomolewa tena ndipo kisomwe. Alama ya oili inapaswa kuwa kati ya mistari miwili.

Taa nyekundu ya dashibodi yenye mchoro wa birika dogo lenye tone kwa kawaida huonya juu ya *msukumo* wa oili, wala si *kiasi* chake. Tafsiri “Oili imepungua” humruhusu dereva aendelee hadi kituo kinachofuata. Tafsiri sahihi ni “Msukumo wa oili umeshuka, zima injini mara moja.” Tofauti ya maneno hayo huweza kuwa tofauti ya injini nzima na injini iliyokufa.

4. Maji, chemka, chemsha

Maji nayo yana matumizi matatu: maji ya rejeta, ambayo huchanganywa na kulanti, maji ya betri, ambayo kwa kuongezea huwa maji yaliyotoneshwa (si ya bomba, wala si asidi), na maji ya kusafishia kioo. Kila mara nomino ifuatiwe na kibainishi chake.

Gari likipata joto kupita kiasi, husemwa “limechemsha”. Umbo hili la kutendesha limebaki bila yambwa: kilichochemshwa ni maji, lakini hayatajwi. Maji yenyewe “yamechemka”. Wanaoandika “gari limechemka” hueleweka, ila usemi uliozoeleka ni “limechemsha”.

Gari likichemsha, dereva asimame, azime injini na asubiri. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe injini ikiwa ya moto. Maji yaliyo ndani yamebanwa kwa msukumo na yamepita nyuzi 100 za Selsiasi. Mfuniko ukilegezwa hufumka mara moja kuwa mvuke na kumrukia aliyefungua. Kwa hiyo “Fungua mfuniko injini ikipoa” haitoshi, kwa kuwa -ki- inaweza kusomwa “wakati inaendelea kupoa”. Muundo ulio salama ni: “Usifungue mfuniko mpaka injini iwe imepoa kabisa.”

Baada ya kupoa, sababu hutafutwa kwa mpangilio: je, maji yamepungua? Je, mpira wa rejeta au hosipaipu unavuja? Je, mkanda umekatika au kulegea? Je, feni inazunguka? Majibu haya yote hupatikana kwa macho na mikono.

5. Upepo

Tairi hujazwa upepo. Katika maandishi rasmi zaidi, hewa. Lakini fundi akisema “breki zimeingia upepo”, anataja hewa iliyonaswa ndani ya mafuta ya breki. Dalili yake ni pedali kuwa laini na kuzama inapokanyagwa. Tiba yake huitwa kutoa upepo kwenye breki. Tafsiri ya neno kwa neno kutoka Kiingereza ingezaa “kutoa damu”, na hakuna fundi ambaye angeielewa.

Nyumbani, mwenye gari anaweza kutazama kiwango cha mafuta ya breki kwenye kikopo chake. Kikishuka, ama pedi zimelika ama kuna panapovuja. Kuongeza tu bila kutafuta sababu ni kuficha dalili, na breki zinazovuja hazirekebishwi kwa kubahatisha: gari liachwe hapo hadi fundi afike.

6. Vuta, kula, gonga

Vitenzi hivi vitatu hubadilika maana kwa umbo au kwa kijalizo.

*Vuta.* “Gari halivuti” maana yake halina nguvu, hasa mlimani. Kichujio cha hewa kilichoziba ni cha kutazamwa kwanza. “Gari linavuta kushoto” maana yake linaacha mstari. Hapo hutazamwa upepo wa matairi, kisha breki inayong'ang'ania upande mmoja, kisha mpangilio wa magurudumu.

*Kula.* “Linakula mafuta” ni kutumia petroli au dizeli kupita kawaida. “Linakula oili” ni injini kuunguza oili yake. “Tairi limelika” ni kuchakaa: likilika katikati, upepo umezidi; likilika kingo zote mbili, upepo ulikuwa pungufu; likilika ukingo mmoja, mpangilio wa magurudumu umepotoka.

*Gonga.* “Injini inagonga” hutaja sauti ya ndani. “Gari limegonga” hutaja ajali. Kiambishi cha upatanisho ndicho kinachobeba tofauti hiyo. Gari ni la ngeli ya LI-YA. Injini, breki, betri na rejeta ni za I-ZI. Mazungumzo mengi husema “gari imegonga”, na hapo msikilizaji hupoteza dokezo. Vivyo hivyo “inavuja” (rejeta), “yanavuja” (maji) na “linavuja” (gari) huelekeza macho mahali tofauti. Katika maelekezo ya maandishi, upatanisho sanifu una kazi ya kiufundi.

7. Sauti na moshi

Breki *zinazolia* mara nyingi zinaonya: pedi nyingi zina kibati kinachogusa diski pedi inapokaribia kwisha. Breki *zinazokwaruza* zimevuka onyo. Chuma kinasaga chuma. Mkanda uliolegea *hupiga mluzi*, hasa gari linapowashwa. Beringi ya gurudumu iliyochakaa *huvuma*, na mvumo huongezeka na mwendo. Vitenzi hivi visichukuliwe kuwa visawe vya “kupiga kelele”.

Kuhusu moshi, rangi ndiyo utambuzi. Moshi mweusi huonyesha mafuta mengi kuliko hewa. Moshi wa bluu huonyesha oili inaungua. Moshi mweupe mzito usioisha huonyesha maji yanaingia ndani ya silinda. Ule mwepesi wa asubuhi ya baridi, unaotoweka injini ikipata joto, ni mvuke tu.

8. Legeza, fungua, funga, kaza: kubadili tairi

Kufungua nati ni kuitoa kabisa. Kulegeza ni kuipunguza ukazo ikiwa bado imeshika. Kufunga ni kuirudisha mahali pake. Kukaza ni kuimaliza kwa nguvu. Anayetumia fungua na funga kwa hatua zote nne huvuruga mpangilio ambao usalama unautegemea:

1. Gari lisimamishwe mahali tambarare na pagumu, breki ya mkono ivutwe, gurudumu la upande wa pili lizuiwe kwa jiwe au kigingi.
2. Nati *zilegezwe* tairi likiwa bado chini, kwa kuwa ardhi ndiyo inayolizuia lisizunguke.
3. Gari liinuliwe kwa jeki mahali palipowekwa alama na mtengenezaji. Mtu asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki pekee.
4. Nati *zifunguliwe*, tairi libadilishwe, nati *zifungwe* kwa mkono.
5. Gari lishushwe, kisha nati *zikazwe* kwa kukingamanisha, si kwa kuzunguka.

Tanbihi ya matumizi

Karakana na gereji hutumika kwa maana moja. Karakana, lenye asili ya Kiajemi, ni rasmi zaidi na hujumuisha pia sehemu za kazi za ufundi mwingine. Usukani ni neno la vyombo vya majini lililohamia barabarani. Stelingi hutumika zaidi gerejini. Motokaa hupatikana katika kamusi na maandishi ya zamani. Kwa sasa gari hutosha. Mpira huweza kuwa hosipaipu au, kwa baadhi ya wasemaji, tairi. Hubainishwa kwa kijalizo.

Kabla ya kuidhinisha tafsiri ya maelekezo ya gari, inafaa apewe mtu asiyeyajua maandishi ya asili, aonyeshe kwa kidole kitu anachofikiri kinatajwa katika kila hatua. Kidole kikielekea kwenye geji ya petroli mahali palipokusudiwa kijiti cha oili, sentensi hiyo iandikwe upya.